Safu Iliyokatwa Mara Mbili

Gideoni hakusubiri salamu. Simu ilipopokelewa tu alianza, kama mtu aliyekuwa akigombana tangu asubuhi na sasa amempata wa kummalizia hasira.

"Njoo umwone mwanao alichofanya."

Hilda alikuwa kazini, kwenye stoo ya Makole, Dodoma, akipokea mzigo wa mabati. Alimwashiria dereva wa lori asubiri.

"Shikamoo, kaka. Amefanya nini?"

"Marahaba. Njoo tu. Nikikueleza kwa simu utasema namsingizia."

Aliomba ruhusa, akapanda bodaboda mpaka pembezoni mwa Miyuji, kwenye shamba la zabibu ambalo baba yao aliwaachia. Nyumba za mabati ya rangi zilishalizunguka pande tatu, lakini shamba lilikuwa bado shamba. Mvua za mwisho zilikuwa zimekatika juzijuzi, udongo ukiwa bado mweusi kwa unyevu, na huo ndio ulikuwa wakati wa kupogoa.

Optatus alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkasi mapajani. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mrefu, mabega ya babu yake. Gideoni alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Tazama mwenyewe," alisema Gideoni.

Hilda alitazama. Mzabibu ukishavunwa hupogolewa, na kila tawi huachiwa macho mawili, kwa sababu machipukizi yenye vichala hutoka kwenye macho hayo. Safu nzima mbele yake haikuwa na macho. Matawi yalikuwa yamekatwa hadi kwenye shina, mti baada ya mti, kutoka mwanzo wa safu hadi kwenye uzio.

"Jana aliikata safu hii vizuri kabisa," Gideoni alisema. "Nilipita nikamsifu. Leo amerudi kuanza upya, safu ileile. Hapa hatuvuni kitu msimu huu."

Hilda alichuchumaa mbele ya mwanawe. "Opta, safu hii uliikata jana?"

Optatus alifikiri. Ilimchukua muda, na Hilda akauona huo muda ulivyokuwa mrefu. "Jana nilikata ile," alisema, akinyoosha mkono mahali ambapo pangeweza kuwa popote.

"Ile ipi?"

"Sijui, mama. Nilikuta vijiti vimebaki. Nikadhani mtu ameanza akaacha, nikamalizia."

"Umesikia?" alisema Gideoni. "Ugonjwa umerudi."

Hilda alisimama, akajipangusa magoti. "Umemsikia akiongea peke yake?"

"Hapana."

"Amezima redio akisema inamtangaza?"

"Hapana, lakini—"

"Amekataa chakula cha wifi akidai kina sumu?"

Angelina, mke wa Gideoni, alikuwa amefika na kikapu kichwani. Alicheka bila furaha. "Akatae? Wifi, amekula ugali wake wa mlenda akamaliza, akanawa. Muda si muda akaja jikoni kuuliza kama chakula kimeiva."

"Basi haujarudi," Hilda alisema. "Ugonjwa wake naujua. Una kelele. Huu hauna kelele."

"Uwe na kelele usiwe nayo, zabibu zangu zimekwenda."

"Zabibu za baba."

Gideoni aliinama, akauchukua mkasi mapajani mwa Optatus kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Optatus aliuachia. "Jumapili tukitoka kanisani tukae, familia. Mpaka hapo asishike mkasi. Na ujue nitakachosema, nisikufiche. Nitasema akae nyumbani."

Hilda alijua maana ya kukaa nyumbani. Miaka sita nyuma ugonjwa ulipomtoa Optatus chuoni alikaa nyumbani mwaka mzima, na mwaka huo watu waliokuja walimpita wakauliza "hali yake" huku wakimtazama mama yake. Kisha sindano ya kila mwezi ikatulia mwilini, na babu yake, kabla hajafa, akamtia mkasi mkononi. Tangu hapo wafanyakazi wa mashamba ya jirani walikuwa wakimwita fundi. Kwa Optatus hapakuwa na mahali pengine duniani alipoitwa hivyo.

"Jumapili," alisema Hilda. "Sawa. Twende, Opta."

Nyumbani Nzuguni walimkuta Denis, mumewe, ameshavua sare ya udereva na kuweka miguu kwenye beseni la maji. Alisikiliza habari yote bila kukatiza, kisha akaelekeza kidole mezani. Palikuwa na pakiti tatu za chumvi.

"Jana ulimtuma sabuni?"

"Sabuni."

"Na juzi?"

"Juzi kiberiti." Hilda alizitazama zile pakiti. "Nilidhani ni utani wake."

"Mama Opta, mimi simpendi kidogo kuliko unavyompenda wewe. Lakini labda kaka yako ana hoja. Waongeze sindano. Atulie."

"Atulie mara ngapi? Ametulia kama gunia."

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa limewafurahisha. Majirani walipita wakisema, afadhali siku hizi kijana ametulia. Hata Salma wa nyumba ya pili, aliyezoea kuwaita watoto wake ndani Optatus anapopita, alikuwa ameanza kumwacha apite. Wote waliuona utulivu wakashukuru, wala hakuna aliyeuliza umetoka wapi.

Hilda alivuta kiti. "Ameanza lini hii ya chumvi?"

Denis alikuna kidevu. "Baada ya yale mafua."

"Yale mafua."

Nyumba nzima ilikuwa imelala chini. Homa, mwili kuuma, kikohozi cha kupasua kifua. Denis aliinuka wa kwanza, kisha Hilda. Optatus alikuwa wa mwisho, homa ilimshika mpaka akawa hajui kumekucha au kumekuchwa, na alipoinuka alikuwa mpole, mzito, akisimama katikati ya chumba kama mtu aliyefuata kitu na kukisahau.

"Hata mimi niliumwa," alisema Denis. "Mbona sijapoteza njia ya kwenda kazini?"

"Wewe kichwa chako hakijapita kilikopita chake."

"Hiyo nani kakwambia?"

"Hajaniambia mtu bado. Kesho naenda kuuliza."

Kliniki ya afya ya akili ilikuwa na benchi refu la nje na watu wengi kimya. Muuguzi wa mapokezi aliwaita bila kuinua uso.

"Mgonjwa wako anakula?"

"Yupo hapa. Muulize."

Muuguzi akainua uso. "Unakula?"

"Nakula," alisema Optatus. "Wakati mwingine mara mbili."

Hilda hakujua kama mwanawe alikuwa akitania. Alimtazama, akaona kona ya mdomo imeinuka kidogo tu, akapata nguvu asizokuwa nazo alipoingia.

"Anasahau," alimwambia muuguzi. "Anarudia kazi aliyokwisha kuifanya."

"Ndio dalili zinarudi hizo. Mtaonana na daktari, ila hapo ni kuongeza dozi tu, mama. Wengi huwa hivyo."

"Mimi sikuja na wengi."

Daktari aliitwa Evelina, mwanamke mdogo kuliko Hilda alivyotarajia, mwenye sauti ya chini na viatu vya kamba. Alimfahamu Optatus, aliyezoea kuja peke yake kila mwezi kuchomwa sindano. Hakuanza na mama, alianza naye. Alimuuliza kuhusu sauti, kuhusu usingizi, kama anahisi kufuatwa. Optatus alijibu yote polepole na sawasawa. Kisha daktari akamtajia maneno, embe, daraja, sindano, kuku, mwavuli, akamwambia ayaweke kichwani. Wakazungumza mengine, kuhusu mpira, kuhusu bei ya zabibu, kisha akamwomba ayarudishe.

"Embe," alisema Optatus. Alikunja vidole. "Kuku." Alikitazama kidole cha tatu. "Yalikuwepo mengine. Najua yalikuwepo."

"Mwaka jana uliyarudisha karibu yote," alisema daktari. Hakulisema kwa huruma, alilisema kama mtu anayepima kitambaa.

Hilda alimweleza habari za mafua, bila kupamba, tangu siku ya kwanza ya homa mpaka safu iliyokatwa mara mbili. Daktari Evelina aliweka kalamu chini akasikiliza.

"Wengine wenu mlipona mkawa kama zamani?"

"Kama zamani. Mimi nilibaki na kikohozi."

"Sikiliza, mama. Na wewe, Optatus, hili ni lako zaidi. Skizofrenia, huu ugonjwa wako, siyo sauti peke yake. Inagusa pia kumbukumbu, na uwezo wa kushika jambo moja mpaka mwisho, hata pale sauti zinapokuwa zimenyamaza. Sasa juu ya hapo vije virusi, homa kali, mwili upigane nayo. Watafiti wanaona kwamba kwa baadhi ya watu wenye ugonjwa huu, maambukizi ya virusi yanaendana na kumbukumbu kushuka zaidi. Kwa nini hasa, hawajamaliza kulijua. Nami sitakudanganya kwamba naweza kuapa ndicho kilichotokea hapa."

"Lakini unadhani."

"Nadhani. Tutapima damu tuone kama hakuna kingine kinachomchosha, upungufu wa damu, malaria, chochote. Dozi siongezi. Dawa ya sauti siyo dawa ya kusahau, na ikizidi inaweza kumfanya mzito zaidi."

"Itarudi?" aliuliza Optatus. Wanawake wote wawili waligeuka. "Akili yangu."

Daktari hakuharakisha. "Inaweza kurudi yote. Inaweza kurudi nusu. Kulala vizuri, kutembea, kufanya kazi uliyoizoea, hivyo vinasaidia. Kukaa bure hakusaidii. Na pale kumbukumbu inapokosekana, usiisubiri. Tumia macho. Weka alama nje ya kichwa chako."

Hilda alifunga mkoba wake. "Hilo la kufanya kazi, unaweza kumwambia kaka yangu?"

"Naweza. Lakini ataniamini mimi au shamba lake?"

"Shamba lake," alisema Hilda, na daktari akacheka kwa mara ya kwanza.

Majibu ya damu yalitoka mchana ule, hapakuwa na malaria wala upungufu wa damu. Njiani Hilda alikuwa akifikiria stoo. Mzigo ukihesabiwa stoo, kila gunia lililopita linapigwa mstari wa chaki. Si kwa sababu watunza stoo ni wajinga. Ni kwa sababu kichwa cha mtu yeyote, saa ya jua kali na lori tatu mlangoni, hakiaminiki.

"Tutapiga chaki mizabibu," alisema.

Optatus alitembea hatua kadhaa kabla ya kujibu. "Umande utaifuta." Akatembea tena. "Kitambaa hakifutiki."

Hilda alichana kitenge chake kilichopauka, akakifanya vipande vyembamba. Uani kwao palikuwa na uzio wa miti ya minyaa. Walianza na huo. Mara ya kwanza Optatus alifunga kitambaa kisha akasahau kukata, akaenda mti wa pili, wa tatu, akafunga vizuri kabisa bila kugusa tawi. Denis, aliyekuwa akitazama mlangoni, alikohoa akaingia ndani ili asionekane uso.

"Kata kwanza," alisema Hilda. "Kitambaa mfukoni mpaka ukate."

"Nimechoka, mama."

"Najua. Kata."

"Unaniamuru kama kibarua."

"Kibarua anaruhusiwa kuacha kazi. Wewe huruhusiwi."

Alikata. Akafunga. Kesho yake baada ya kazi walirudia, na keshokutwa. Salma alichungulia juu ya uzio akauliza kama wanapamba kwa ajili ya harusi. Hilda akamwambia ndiyo, alete sufuria. Siku nyingine Optatus alifanya uzio wote bila kosa. Siku iliyofuata alikosea mara mbili na kuutupa mkasi majanini. Hilda alimwacha akauokote mwenyewe, na ilichukua muda, lakini aliuokota.

Jumapili walikaa shambani chini ya kibanda cha mabua, Gideoni, Angelina, Hilda, Denis na Optatus. Walisalimiana Kigogo, mbukwenyi, kama baba yao alivyotaka kila kikao kianze. Baada ya hapo Gideoni hakuzunguka.

"Mimi simchukii mpwa wangu. Lakini shamba halilimwi kwa huruma. Amemaliza safu moja. Kesho atamaliza mbili. Na watu wa mashamba ya jirani wanaona. Juzi mmoja kaniuliza kama nimeajiri vichaa."

"Ukamjibu nini?" aliuliza Hilda.

Gideoni aliokota kijiti, akakivunja.

Angelina alisogeza khanga begani. "Mimi nina wazo, wifi, usikasirike. Kuna kambi ya maombi huko njia ya kwenda Hombolo. Wanawapokea. Mtu anakaa miezi, anaombewa, anarudi mzima."

"Wanawafunga kwa kamba."

"Ni kwa usalama wao."

"Wifi, tukiombewa na tuombewe hata hapa, nitasema amina kubwa kuliko yako. Lakini mwanangu hafungwi kamba kama mbuzi wa mnadani. Hilo tumelimaliza." Akamgeukia kaka yake. "Daktari anasema virusi vya yale mafua huenda vimemshushia kumbukumbu. Si ukichaa. Anasema afanye kazi."

"Virusi." Gideoni alilitamka neno kama anaonja kitu. "Mafua tumeugua wote."

"Na mvua ikinyesha nyumba zote zinalowa. Ile iliyokuwa na ufa ndiyo inavuja. Hatuivunji kwa sababu hiyo."

Denis alisema, "Shemeji, mpe safu moja. Akishindwa mbele yako, mimi mwenyewe nitamwambia akae nyumbani. Mama Opta hatabisha."

Hilda alimtazama mumewe. Hawakuwa wamekubaliana hilo. Lakini lilikuwa limesemwa, na Gideoni alikuwa ameshainuka kwenda kuchukua mkasi.

Walimpa safu iliyofuata ile iliyoharibika. Optatus aliweka vitambaa mfuko wa kushoto. Alikata mti wa kwanza, macho mawili kila tawi, akafunga. Wa pili, akafunga. Mikono yake ilijua kazi. Alikwenda polepole kuliko zamani, na Angelina alipiga mwayo, lakini alikwenda. Alipokuwa katikati ya safu Gideoni akamwita.

"Opta. Nenda kaniletee maji ya kunywa jikoni."

Optatus alisimamisha mkasi. Alimaliza tawi alilokuwa nalo, akafunga kitambaa kwenye mti ule, akaenda.

Hilda alielewa. Ilikuwa haki, mtu shambani huitwa. Ila mara tu kijana alipopotea nyuma ya nyumba, Gideoni alitembea taratibu mpaka kwenye ule mti wa mwisho, akakifungua kitambaa, akakikunja kiganjani.

"Kaka," alisema Hilda.

"Upepo wa Dodoma hautoi vitambaa?"

Hilda alifungua mdomo. Denis alimshika kiwiko, si kwa nguvu. Kama angesema, basi kila siku angetakiwa kuwepo kusema, na yeye alikuwa na stoo, na siku moja angekuwa na kaburi. Akafunga mdomo. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyoyafanya wiki ile.

Optatus alirudi na kikombe, akampa mjomba wake kwa mikono miwili. Akarudi kwenye safu. Alitembea akifuata vitambaa, akivigusa kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. Akasogea kwenye mti uliofuata, ule uliovuliwa. Akashika tawi. Akaingiza mkasi.

Mkasi ulikaa pale, wazi, kwenye vijiti vya macho mawili.

Optatus aliinama. Kwenye ncha ya tawi palikuwa na tone, maji maangavu ya mzabibu yaliyotoka kwenye jeraha bichi, likaning'inia, likadondoka, na jingine likaanza kujaa. Aliligusa kwa kidole. Akatazama chini, kwenye matawi mabichi yaliyotapakaa miguuni pake.

"Huu unalia," alisema. "Huu umeshakatwa."

Akajipapasa mfukoni, akatazama nyuma kwenye safu, akatazama mti. Fikra zilikuwa zikipita usoni pake moja moja, kama watu wanaovuka mto kwa kufuata mawe. Kisha akageuka.

"Mjomba, kitambaa changu kiko wapi?"

Gideoni aliweka kikombe chini. Alifungua kiganja, na kile kipande cha kitenge kilikuwa kimelowa jasho.

"Kifunge ulikokitoa," alisema Hilda.

Gideoni alikwenda akafunga. Vidole vyake vilikuwa vinene, fundo likamshinda mara ya kwanza. Optatus alingoja, kisha akalikagua, akalifungua, akalifunga upya vizuri. "Hivi, mjomba," alisema. Akaenda mti uliofuata.

Hakuna aliyetangaza uamuzi. Angelina aliinua kikapu chake akasema anakwenda kupika, na Gideoni akamwambia Denis, bila kumtazama Hilda, kwamba wakija kesho waje mapema kabla ya jua. Kisha akaenda kwenye ile safu iliyoharibika, akaanza kupalilia mashina yake. Hakung'oa hata moja.

Jioni Hilda alimtuma Optatus kiberiti. Alimrudisha kutoka mlangoni, akamfunga uzi mwekundu kidole cha shahada, akamwambia, uzi ni moto, moto ni kiberiti. Optatus akasema ndiyo. Alirudi akiwa amebeba pakiti ya chumvi, uzi ukiwa bado kidoleni.

Aliitazama pakiti, akamtazama mama yake, na uso wake ukaanza kuanguka.

"Lete," alisema Hilda. Kopo la chumvi lilikuwa limejaa hadi juu. Alifungua kabati, akasogeza vikombe, akatoa kopo jingine tupu, akalipangusa. "Kesho tutajaribu na kiberiti kitupu mkononi. Utamwonyesha mwenye duka."

"Na nikisahau kumwonyesha?"

"Tutatafuta kingine," alisema Hilda, akamimina chumvi.